Demio ya dizeli kama gari la ofisi: taa ya DPF haiishi kuwaka

mauzo_kanda
Wakuu, heshima kwenu. Gari la ofisi ni Mazda Demio ya 2015, dizeli 1.5, otomatiki, imetembea kilomita 118,000. Ruti ni Tegeta–Posta siku tano, Morogoro mara moja kwa mwezi. Taa ya DPF (filta ya masizi kwenye njia ya moshi) inawaka karibu kila wiki, na oili kwenye kijiti inapanda badala ya kushuka. Gereji ya ofisi inashauri DPF itobolewe. Meneja anataka msimamo kabla ya Ijumaa. Na je, kodi ya mshahara inaguswaje na gari la ofisi?

nozeli_na_turbo
Mkuu, oili kupanda na taa kuwaka ni ugonjwa mmoja. DPF inanasa masizi. Yakifika kiwango fulani, kompyuta ya injini inaongeza dizeli kidogo kwa kuchelewa, ili moshi utoke wa moto sana na kuyateketeza humo ndani. Sehemu ya dizeli hiyo haiungui. Inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Ukifika ofisini ukazima gari katikati ya zoezi, kesho linaanza upya na dizeli nyingine inashuka. Kwa foleni ya Mwenge unategemea nini?

Pima oili asubuhi, gari limepoa, mahali tambarare. Juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Ikikaribia hapo, mwaga yote uweke mpya na filta yake, hata kama sevisi ilikuwa mwezi jana. Kunyonya kiasi tu ili ishuke ni kujidanganya: iliyobaki ni nyepesi, na bearingi za turbo ndizo zinazoumia kwanza. Baada ya kubadilisha, fundi afute kumbukumbu ya oili kwa mashine ya kupimia, la sivyo kompyuta itaendelea kuhesabu ile ya zamani.

Dumu liandikwe kiwango cha oili JASO DL-1 au ACEA C3, uzito 0W-30 au 5W-30. Soma maandishi ya nyuma, achana na picha ya mbele. 15W-40 ya malori haifai humu: viungio vyake huacha majivu mengi, na majivu hayaungui. Masizi yanaondoka kwa moto. Majivu yanabaki ndani ya filta.

Taa ikiwaka bila kupepesa, acha injini ipate moto, kisha ingia barabara iliyo wazi ukimbize 100 kwa muda.

masizi_hadi_lini
Nakuunga mkono, isipokuwa hiyo ya 100. Kitabu cha gari kinataka dakika 15 hadi 20 za mwendo wa kuanzia 20 km/h, injini ikiwa ya moto. La maana ni kutosimama-simama; spidi ya kutafutiwa faini haihitajiki. Taa ikianza kupepesa, usihangaike nayo tena barabarani, peleka kwenye mashine. Na uzoee dalili: i-stop (mfumo wa kuzima injini gari likisimama) ikigoma kuzima injini kwenye taa za barabarani wakati siku nyingine inazima, na kipimo cha mafuta kikaonyesha ulaji umepanda ghafla, huenda gari linachoma masizi. Ukiweza, zunguka kidogo kabla ya kuegesha.

Sasa hilo la kutoboa. Ukitoboa bila kubadili programu, kihisi cha tofauti ya mgandamizo kinasoma kitu kisichoeleweka, taa ya injini inawaka na nguvu inapunguzwa. Ukibadili programu, umeficha swali lenyewe: kwa nini masizi ni mengi? Kwa kilomita 118,000 za mjini, mimi ningeanzia upande wa kuvutia hewa. EGR (valvu ya kurudisha moshi) inaurudisha kwenye manifodi, yaani bomba la kugawa hewa kwenye silinda, unakutana na mvuke wa oili, inajengeka lami nyeusi. Njia ya hewa inabanwa, kihisi cha mgandamizo wa hewa kinafunikwa, hesabu ya mafuta inapotea, masizi yanazidi. DPF inajaa haraka kwa kosa lisilo lake.

Kabla ya kufungua chochote, omba data kwenye mashine, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Kihisi cha manifodi kisome karibu na mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kwa Dar, usawa wa bahari, ni kama 101 kPa. Kile cha DPF kisome karibu na sifuri. Vikiwa mbali na hapo, shughulika na vihisi kwanza. Cha manifodi kinatolewa na kusafishwa kwa dawa ya kupuliza. Usichokonoe tundu lake kwa waya. Manifodi ikishushwa, gasketi iwe mpya, na fundi azungushe injini hadi valvu za silinda anayokwangua zifunge kabisa. Kipande cha lami kikidondoka ndani ya silinda, mazungumzo yanakuwa mengine.

mauzo_kanda
Asanteni sana. Safari ya Morogoro kila mwezi haisaidii?

msimamizi_magari
Inasaidia siku hiyo tu. Wewe uko Tegeta, basi mara moja kwa wiki geuza kichwa kaskazini: Bunju hadi Mapinga na kurudi, asubuhi mapema, inatosha. Omba ruhusa ya maandishi, maana gari la ofisi likipata ajali Jumapili bila kibali, bima kubwa ipo lakini maelezo utayatoa wewe. Ila ukweli, ruti hii ni ya Demio ya petroli. Kama kuna mwenzako anayekwenda Chalinze kila siku, mbadilishane magari. Zile 26.4 km kwa lita za kipimo cha Japani cha JC08 usiziahidi kwa mhasibu.

Jambo moja halijatajwa: Demio nyingi mjini ni za petroli, na mhudumu wa kituo anajua hivyo. Bomba la petroli ni jembamba, linaingia kwenye tanki la dizeli bila kubishana. Bandika DIZELI ndani na nje ya kifuniko, shuka usimamie, na risiti ya EFD iandikwe aina ya mafuta na namba ya gari. Petroli ikiingia kwa makosa, usibonyeze hata swichi. Pampu ya mgandamizo mkubwa inalainishwa na dizeli yenyewe. Sukuma gari pembeni, tanki limwagwe. Mafuta ya taa yaliyochanganywa yanaua pampu hiyohiyo polepole, kwa hiyo chagua kituo kimoja ukizoee. Filta ya dizeli sisi tunabadilisha kila kilomita 20,000.

Kodi: gari la zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 lenye umri unaozidi miaka 5 linahesabiwa kama faida yako ya shilingi 250,000 kwa mwaka (jipya zaidi ya hapo ni 500,000). Hiyo inaongezwa kwenye kipato, sio makato yenyewe. Kwa aliye kwenye asilimia 30 ni 75,000 kwa mwaka, yaani 6,250 kwa mwezi. Mwajiri asipodai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, faida haihesabiwi kabisa. Muulize mhasibu kabla ya kulalamikia hati ya mshahara.

nozeli_na_turbo
Nimekubali ya 100. Kwa meneja, andika oili ya DL-1 na data ya vihisi kwanza, manifodi baadaye kama data inaonyesha. Kutoboa kusiwemo.