Je, neno «hipi» ni la dharau? Naomba ushauri wa kiuandishi

Mwandishi wa Pwani: Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Ninaandika makala kuhusu vijana wa Ulaya na Marekani waliofika Lamu miaka ya 1970, ambao wazee ninaozungumza nao huwaita mahipi, yaani vijana wa enzi hizo waliofuga nywele, wakaacha desturi za kwao na kuhubiri amani, bila kinyongo chochote. Mhariri wangu anataka neno hilo liondolewe kwa kuwa analiona la dharau. Isitoshe, makala inamtaja binti wa Kimarekani wa siku hizi, mwenye makubazi na gauni la batiki, ambaye vijana wa gatini nao humwita hipi. Nifanyeje?

Msomi wa Historia: Mhariri wako hajakosea kabisa, kwani jina hilo lilienezwa na magazeti kuliko wahusika wenyewe. Mwaka 1965 Michael Fallon alilitumia katika San Francisco Examiner alipoandika juu ya vijana wa jiji hilo, na waandishi wengine wakalidaka. Tarehe 6 Oktoba 1967, baada ya majira ya joto yaliyofurika wageni, wakazi wa mtaa wa Haight-Ashbury walibeba jeneza barabarani wakalifanyia neno hilo mazishi, maana waliona vyombo vya habari vimeligeuza bidhaa. Tukio hilo hunigusa sana: watu kulizika jina lao wenyewe! Hata hivyo halikufa, na miaka miwili baadaye, tamasha la muziki la Woodstock nchini Marekani lilipokusanya watu wapatao 400,000, dunia nzima ililijua.

Mpenda Lugha: Naomba kupingana kidogo. Ukifuta neno wanalolitamka wazee, utawalisha maneno, jambo ambalo ni baya zaidi. Liache ndani ya kauli zao na utaje miaka. Kwa binti huyo hali ni tofauti, kwa sababu Marekani ya leo wapo wanaojiita mahipi kwa fahari, hasa waliopinga vita vya Vietnam ujanani, na wapo wanaolisikia kama wameambiwa kwamba ni wavivu na hawaogi. Mwulize mwenyewe kabla hujamwandika.

Mzee wa Kamusi: Usiwachanganye pia mahipi na mabitiniki, vijana wa miaka ya 1950 walioasi desturi, ambao waliwatangulia. Jina hilo lilibuniwa na Herb Caen wa San Francisco Chronicle mwaka 1958, miezi michache baada ya Sputnik, setilaiti ya Kisovieti, kurushwa.

Mwandishi wa Pwani: Nashukuru sana. Kauli za wazee zitabaki kama zilivyo, na binti nitamwuliza kesho kabla sijamrudishia mhariri makala.