Picha zimefutwa, GB 15 za Google bado zimejaa

Swali: Wakuu, akaunti ya duka hapa Kariakoo imejaa, barua pepe za wateja zinagonga mwamba. Picha kama 2,000 zimefutwa, kipimo hakijasogea hata kidogo. Tatizo liko wapi?

Jibu 1: Mkuu, hizo picha ziko kwenye tupio. Google Photos huziweka huko siku 60, Drive na Gmail siku 30. Ingia kila tupio ulimwage mwenyewe, kisha subiri, maana kipimo huchelewa kusoma. Hizo GB 15 ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, kwa hiyo usizionee picha tu. Kwenye Gmail tafuta *larger:10M*. Zitatokea barua zenye viambatisho vizito. Futa zile ankara za PDF ambazo tayari unazo kwenye kompyuta.

Jibu 2: Na WhatsApp je? Kwenye Android nakala yake nayo inakula hizo GB 15. Nenda mipangilio ya nakala rudufu, zima video. Magrupu ya harusi ndiyo mchwa wenyewe.

Jibu 3: Angalizo: ukifuta picha ndani ya Photos, inaondoka na kwenye simu. Nakili kwanza kwenye diski ya nje, ifungue uhakikishe, ndipo ufute. Na upakiaji uweke Wi-Fi tu, la sivyo bando litakwisha kabla ya adhuhuri.

Muuliza swali: Tupio la Drive lilikuwa na GB 4! Barua zimeanza kuingia. Asanteni wakuu.