Mjadala: Dizaina awe na haki ya kuzuia kodi (maandishi ya kuendeshea programu) isiingie kwenye programu huria?

Mwanzisha mada, Jambiani

Assalaam alaykum jamani. Naileta hoja hii hadharani kwa sababu ndani ya kikundi chetu imeshatugawa, na naamini vikundi vyengine vya programu huria hapa Unguja na Pemba vinaikabili au vitaikabili.

Sisi ni watu wa kujitolea. Tunatengeneza programu ya simu ya kuwekea hesabu za mwani: mkulima anaandika kilo alizouza, bei, na nani kanunua. Programu ni huria, yaani kodi yake iko wazi, anayetaka anaichukua, anairekebisha na kuirudisha. Wanaoiandika ni vijana wachache, wengi wao wako mjini. Wanaoitumia ni kina mama wa Paje, Jambiani na baadhi ya vijiji vya Pemba. Kazi yangu mie ni dizaini: nakaa na kina mama hao, naangalia wanavyoitumia, naandika wapi wamekwama, nachora kurasa upya.

Ugomvi umeanzia kwenye saa. Ukurasa wa mauzo unadai tarehe na saa, na saa yenyewe ni ile ya mfumo wa saa 24 unaoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Mama kauza mzigo saa tatu asubuhi, kaandika 03:00. Jioni saa moja kauza mwengine, kaandika 01:00. Kwa saa tunayoishi nayo sote hapa, hajakosea chochote. Lakini programu inapanga mauzo kwa saa, basi mauzo ya jioni yakatangulia ya asubuhi, na hesabu ya mzigo uliobaki ikavurugika mpaka ikaonesha kilo pungufu ambazo hazijawahi kupungua. Mama yule alikaa na daftari lake pembeni, akalinganisha mstari kwa mstari, kisha akanirudishia simu. Daftari lilikuwa sahihi.

Niliiandikisha kasoro hiyo pamoja na mchoro wa marekebisho. Ikafungwa kwa jibu fupi kwamba hiyo si kasoro, ni suala la mazoea. Baada ya hapo ukaingizwa ukurasa mpya wa jumla ya mauzo kwa wiki, bila kumuuliza mtu. Wakulima wa mwani hawahesabu kwa wiki. Wanaingia baharini maji ya bamvua, yanapokupwa mbali, na bamvua linakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu hawaendi. Kwa hiyo grafu yetu inapanda wiki moja na kuanguka nyengine, na anayeitazama ofisini anadhani biashara inakufa. Kina mama hawa wanazijua hesabu zao tokea kilimo hichi kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Programu ndiyo isiyozijua.

Pendekezo langu: badiliko lolote linaloonekana kwenye skrini lisiingizwe mpaka dizaina aseme ndiyo, na dizaina asiseme ndiyo wala hapana kabla hajawaonesha watumiaji. Na mchoro utangulie kodi. Kodi ikishaandikwa mtu keshaipenda, na kila unalomwambia analisikia kama tusi.

Hili si jambo geni. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watu wa kawaida mbele ya GNOME, programu huria inayotengeneza muonekano wa skrini ya kompyuta za Linux, wakaangaliwa wanavyohangaika. Yaliyoonekana yakasaidia kuzaa mwongozo wa dizaini ambao kila mchangiaji aliweza kuufuata, na GNOME 2 ikatoka 2002 ikiwa imesafishwa sana. WordPress nao, wenye programu huria ya kutengenezea tovuti, mwaka 2008 walitengeneza sura ya majaribio, wakahamishia menyu kushoto, wakaijaribu kwa watumiaji kwanza. Toleo la 2.7 la Disemba mwaka huo ndilo lililobeba matokeo. Wala haihitaji umati. Kwa hesabu za watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer za 1993, mtumiaji mmoja kwa wastani anafichua kiasi cha asilimia 31 ya matatizo ya utumiaji, na watano wanakufikisha kwenye asilimia 85 hivi. Watu watano! Jambiani unawapata kabla ya adhuhuri.

Nataka kusikia wenzangu, hasa mnaopinga.

Programa, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam dada. Heshima yako, kazi yako tunaiona. Lakini napinga, na nitasema wazi.

Mie naandika kodi usiku baada ya kazi ya mchana, kwa bando langu mwenyewe. Hakuna anayenilipa. Kinachonirudisha ni kwamba nikimaliza kitu kinaingia na watu wanakitumia. Sasa unaniambia nikimaliza nisubiri mtu apande daladala, aende kijijini, arudi, ndipo nijuzwe kama kazi yangu imekubaliwa. Nitasubiri mara moja. Mara ya pili utanikosa, na hutanikosa peke yangu. Kwenye programu huria anayefanya ndiye anayeamua. Utaratibu huu haukutokana na kiburi, ndio unaofanya kazi iende pasipo mshahara wala bosi.

Halafu umetaja GNOME ukaishia 2002. Endelea mbele. GNOME 3 ilitoka 2011 ikiongozwa na madizaina wenye sauti kubwa, na watu waliozoea muonekano wa zamani wakaikimbia. Programu nyengine, MATE, ikazaliwa kuendeleza GNOME 2, na watu wa Linux Mint wakatengeneza ya kwao, Cinnamon. GIMP, programu huria ya kurekebishia picha, toleo la 2.8 la 2012 vilevile: wakaamua amri ya kuhifadhi ihifadhi faili la GIMP tu, ukitaka picha ya kawaida ya JPEG lazima upitie amri nyengine ya kusafirisha. Uamuzi wa kidizaini uliopangwa vizuri, na watumiaji wengi walilalamika miaka. Dizaina naye anakosea, na akikosea akiwa na haki ya kuzuia, nani atamzuia yeye?

La saa nakubali lilifungwa kwa haraka. Hilo ni la kufungua upya. Halihitaji kubadilisha katiba ya kikundi.

Mchangiaji, Wete

Nimesoma nyote wawili. Mama yangu analima mwani, na programu yenu ninayo.

Simu ya kugusa nyumbani kwetu ni yangu, si yake. Akirudi pwani ananisomea kilo, mie naandika. Shangazi naye ananisomea zake, na jirani. Programu imejengwa kwa mtu mmoja na simu moja, basi ili kuandika za shangazi inanibidi nitoke kwenye jina la mama, niweke namba ya siri, niingie upya. Nimeacha. Naandika zote kwa jina la mama, na pembeni kwenye sehemu ya maelezo naweka ni za nani. Kwa hiyo huko kwenu mama yangu anaonekana mkulima mkubwa kuliko wote hapa kijijini.

Dada wa Jambiani, hao watano wako wote ni wa Unguja, na wote umewapa simu mkononi. Ungekuja huku ungekuta mtumiaji ni mtoto wa skuli. Na wewe kaka wa Mwanakwerekwe unasema anayefanya ndiye anayeamua. Mie naandika mauzo ya watu watatu kila bamvua. Hiyo si kufanya?

Mnagombania kauli baina yenu. Hakuna aliyeuliza sisi tutaitoa wapi yetu.

Mwalimu wa kompyuta, Chake Chake

Wanangu, nichangie kidogo. Mwaka 2009 watu wa Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walianzisha mradi wa kukusanya kero ndogo ndogo mia moja za utumiaji, zile ambazo kila moja programa anaweza kuimaliza kwa muda mfupi, siku moja au pungufu. Hawakuanza na kauli ya nani. Walianza na orodha, na kila mtu akachukua lake. Wanafunzi wangu wanaweza kukusanya kero kama hizo majumbani kwao, maana wengi mama zao wako kwenye mwani. Wapeni pa kuziandika kwa Kiswahili, sehemu moja na kasoro nyengine, zisiwekwe pembeni kama maoni ya wageni.

Mwanzisha mada, Jambiani

Mdogo wangu wa Wete, hilo la simu moja kwa watu watatu ni kubwa kuliko yote niliyoyaleta hapa. Linagusa takwimu zote tulizonazo. Nataka liwe la kwanza kwenye orodha, na liandikwe kwa maneno yako kama ulivyoyasema.

Mwalimu, orodha ya kero naikubali kwa mikono miwili. Lakini haitoshi peke yake. Kero ndogo mia moja zinatibika moja moja. Kuhesabu kwa wiki badala ya bamvua si kero ndogo, ni msingi umewekwa vibaya, na msingi hauonekani kwenye orodha mpaka mtu akae na mkulima bamvua zima.

Kaka yangu wa Mwanakwerekwe, umesema la haki kuhusu muda wako na sitaki kulipita. Basi haki ya kuzuia iwe na mipaka. Isizidi siku saba. Zikipita dizaina hajaleta kitu, kodi inaingia. Asizuie kwa ladha yake: alete maandishi ya nani alimwangalia, alikuwa akifanya nini, alikwama wapi. Hana maandishi, hana haki ya kuzuia. Marekebisho ya usalama na yote yasiyoonekana kwenye skrini hayamhusu. Na dizaina mwenyewe apingwe kwa njia hiyohiyo, kwa ushahidi wa watumiaji wengine. Hapo ndipo jibu la swali lako, nani atamzuia yeye.

GNOME 3 sioni kama inanipinga. Waliokimbia ni watu waliokuwa na namna yao ya kufanya kazi ikaondolewa. Blender, programu huria ya kuchora picha za 3D, walipobadilisha toleo la 2.80 mwaka 2019, kuchagua kitu kukawa kwa kitufe cha kushoto cha kipanya badala ya cha kulia kilichozoeleka, lakini aliyezoea cha kulia aliachiwa nafasi ya kukirudisha. Hivyo ndivyo ninavyotaka kwenye saa.

Kwenye jambo moja sirudi nyuma. Kukaa pwani na mkulima ni kufanya. Kumwangalia mtu akikwama, kuandika, kuchora, kurudi kumwonesha tena, ni kazi ya programu sawasawa na kodi. Kama anayefanya ndiye anayeamua, basi na sisi tunafanya.

Programa, Mwanakwerekwe

Siku saba na maandishi, hayo nakubali. Sharti la ushahidi limenitoa wasiwasi mwingi. Mchoro kutangulia kodi bado nakataa kuufanya lazima. Mara nyengine sijui kitu kitakuwaje mpaka nikiandike, na mara nyengine kodi yangu ya usiku mmoja ndiyo mchoro wenyewe. Uwe hiari, na atakayeanza na kodi ajue inaweza kurudishwa.

Kasoro ya saa nimeifungua. Ndani saa itabaki ya mfumo wa saa 24 ili mpangilio usivurugike, lakini mtumiaji atachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa yetu ya kawaida. Anayetaka ya zamani ataipata kwenye mipangilio. Sijaingiza. Nasubiri muiangalie.

Mwanzisha mada, Jambiani

La mchoro tuliache wazi, wengine waseme. Mie bado naona hiari itatumika na wachache.

Ya saa nitaijaribu Jambiani bamvua linalokuja. Upande wa Pemba nahitaji watu wawili, mmoja awe anaandika kwa niaba ya mama yake. Mdogo wangu wa Wete, kama uko tayari sema hapa. Nauli na bando visikutoke mfukoni, kikundi kibebe, na hilo nalo naliweka mezani: dizaina au mtumiaji anayetoa siku yake kufanya majaribio asilipe yeye gharama za majaribio.

Mchangiaji, Wete

Niko tayari. Ila mnaongea na mama kwanza, si mie.