Tuna mtama, lakini shule ya kijiji inakula mahindi ya Kibaigwa. Tufanyeje?

MlimaMtama:
Mbukwenyi wakuu. Niko Chamwino, Dodoma, kikundi chetu kinalima mtama mweupe, mbegu ya Macia. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili zikikaa vizuri. Mahindi yanatuangusha, mtama unavumilia. Shida ni soko. Mwezi wa sita walanguzi wanapita na lumbesa zao, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, mwenye mtoto wa kupeleka sekondari anauza. Januari mtu huyo huyo ananunua unga dukani kwa bei ya kuumiza.

Kinachonikera zaidi ni shuleni. Wazazi tunachangishwa mahindi ya chakula cha mchana, wengi tunayafuata soko la Kibaigwa, na mtama umejaa vihengeni. Asiyechanga, mwanawe anashinda njaa. Kikundi kinawezaje kuingiza mtama shuleni, au kuwauzia NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa?

MamaUwele:
Anza na shule. Ila usimfuate mwalimu mkuu na bei mkononi, hana fungu la kununua. Chakula hicho ni makubaliano ya wazazi. Pelekeni hoja kwenye kamati ya shule, kisha mkutano wa kijiji: mchango upokelewe kwa mahindi au mtama, kwa kilo. Debe lina ujanja mwingi. Kaya isiyo na kitu ichange kuni, maji au zamu ya kupika, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba mtoto wake anakula kama wenzake. Hilo msiliache hewani.

Dogo_Ipagala:
Watoto watagoma, mtama si chakula cha njaa huo? 😂

MamaUwele:
Dogo, babu zako walikula ugali wa uwele kwa mlenda wakalima mpaka jua linazama. Waanze na uji, halafu wachanganye na unga wa mahindi. Hawatagoma.

GhalaKizota:
Kuhusu NFRA: hununua mtama pia, si mahindi tu, ila mzigo hupimwa unyevu na takataka kabla ya mizani. Wengi hurudishwa hapo. Mtama uliopigwa chini kwenye udongo una mchanga na mawe. Pigeni juu ya turubai, pepeteni, kaushieni hapo hapo.

Na msichukulie ukavu kama masharti ya mnunuzi tu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, hapa Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Nafaka ya kulisha watoto iwe kavu kuliko hata ile ya kuuza.

WFP hawanunui gunia mbili tatu kwa mtu. Wanataka mzigo mkubwa wa aina moja, kwa hiyo jiungeni na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, muuze pamoja.

MlimaMtama:
Asanteni. Swali moja: malipo yakichelewa, mwenye shida atauza kwa mlanguzi usiku. Nawajua watu wangu.

GhalaKizota:
Basi msikusanye vyote. Kila mtu alete sehemu, nyingine abaki nayo ya kula na ya dharura. Kama kikundi kina mfuko wa hisa, wakopesheni wenye shida mwezi wa sita, wakatwe mzigo ukilipwa.

MamaUwele:
Na walengwa wa TASAF wa kijijini, zile kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali, siku ya ruzuku wauzieni kilo kwa bei ya kikundi. Wanunuzi wa karibu ndio hao.

MlimaMtama:
Turubai tunazo. Kipima unyevu kinakodishwa wapi Dodoma mjini?