Paa la kuinuka kwenye vani ya kulala: bawaba mbele, bawaba nyuma, au lipande lote?

Kobe_na_Nyumba

Habari za saa hizi wakuu. Nina vani ya paa fupi, kutoka ardhini hadi juu ni mita 1.98, naigeuza iwe gari la kulala. Sakafu nimeshaweka, kuta nimeshajaza sufi ya kuzuia joto na baridi, umeme umekaa sawa. Kilichobaki ni juu. Mimi nina sentimita 184, na humo ndani natembea kama mtu aliyeangusha sindano.

Nataka paa la kuinuka, lile la faibaglasi linalopanda na turubai pembeni, kitanda kikae huko huko juu. Tuko wanne: mimi, mama watoto, na watoto wa miaka 7 na 10. Nimeona aina nne. Kuna lenye bawaba mbele, linafunguka upande wa nyuma. Kuna kinyume chake, bawaba nyuma. Kuna linalopanda lote kwa usawa kama lifti. Na kuna la bawaba ubavuni. Moyo wangu uko kwa hilo la lifti, tena la umeme, kwa sababu likiwa juu unapata chumba kabisa.

Nipeni uzoefu kabla sijashika msumeno. Bati likishakatwa halirudi.

FundiMbavu

Mkuu, umetaja urefu wako, umri wa watoto, hata sufi. Hukutaja jiko liko wapi, na swali lako linaanzia hapo.

Paa la bawaba ni kabari. Kwenye bawaba huna kitu, upande wa pili una kimo chote. Chukua chaki, weka alama sakafuni: hapa nitasimama nikipika, hapa nitasimama nikivaa suruali. Kama jiko liko nyuma kabisa karibu na mlango wa nyuma, bawaba mbele inakufaa. Kama liko ubavuni nyuma ya kiti cha dereva, na benchi la kulalia liko nyuma, weka bawaba nyuma, maana kimo unakitaka katikati na mbele.

Niliwahi kumfungia mtu paa la bawaba mbele kwenye gari lenye jiko la katikati. Nilimwambia, akang'ang'ania, alishalipenda kwa macho. Sasa anapika ameinamisha shingo, na kimo chote kiko juu ya benchi ambalo hakuna anayesimama.

Mama_Pacha

Langu ni la bawaba nyuma, na jiko liko katikati kama anavyosema fundi. Pacha wangu wanalala juu, vichwa mbele kwenye nafasi, miguu kule kwenye kabari. Miguu haihitaji kimo.

Kaka, kuna mambo mawili sikuambiwa. La kwanza ni upepo. Ukiegesha pua ikitazama upepo, turubai la mbele linajaa kama tanga na usiku kucha linapiga pa, pa, pa. Siku hizi nikifika mahali kitu cha kwanza ni kugeuza mkia uelekee upepo, ule upande mfupi uupokee. Mwenye bawaba mbele hana kazi hiyo, yeye anaegesha pua kwenye upepo basi.

La pili ni komeo. Paa linalofunguka mbele ukilisahau bila kulifunga vizuri, upepo wa barabarani unaingia chini yake na kulinyanyua kama boneti. La bawaba mbele upepo unalikandamiza lenyewe. Nimefunga swichi ndogo kwenye komeo na taa nyekundu kwenye dashibodi, na bado kila nikitaka kuondoka nashuka nalitikisa kwa mkono. Mume wangu anacheka. Acheke.

Na huyo wa miaka 7 mwekee wavu wa kamba imara kwenye mwanya wa kupandia. Turubai la pembeni pia lisihesabiwe ukuta, mtoto asiegemee.

JuuKwaJuu

Mimi ndiye mwenye hilo unalolitamani, la kupanda wima, la umeme. Raha yake ni kweli. Unasimama popote, na kitandani unakaa ukasoma kitabu badala ya kulala ukiangalia faibaglasi iliyo sentimita 20 kutoka puani.

Ila turubai lina kimo kamili pande zote nne, kwa hiyo huna upande mfupi wa kuupa upepo. Vilevile mikono ya mkasi ya kushoto na kulia lazima ipande pamoja. Mmoja ukitangulia, paa linapinda na kubana. Langu liligoma siku moja likiwa juu, betri ilikuwa imeisha nguvu. Paa likiwa juu huendi popote. Nilikaa saa mbili kwenye mvua nikilishusha kwa kuzungusha kishikio kidogo ambacho nilikuwa nimekifungia ndani ya kabati, chini ya kitanda, nyuma ya mabegi.

Sijuti. Ningerudi mwanzo ningechukua hili hili la wima, lakini la kusukuma kwa mkono.

Mwenye_Bati

Naomba kutia mchanga kitumbua. Kwa nini lifunguke? Weka paa refu la faibaglasi lisilofunguka. Hakuna turubai la kuoza, hakuna shokapu, hakuna komeo, unapata kabati za juu, na ukiegesha mahali hakuna anayejua kama umelala ndani au umeenda kununua misumari. Usiku wa baridi utanikumbuka: turubai halizuii baridi, na joto lote la hita hupanda juu na kutokea hapo hapo.

Kobe_na_Nyumba

Mzee wangu Mwenye_Bati, hoja yako nimeielewa, ila mahali ninapolaza gari kuna nguzo ya kuzuia magari marefu, mita 2.10. Paa refu linanifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe.

FundiMbavu, jiko liko ubavuni nyuma ya dereva, benchi nyuma. Naona unaelekea wapi.

Swali jingine: sola. Nina paneli ya kilo 10 hivi, nilitaka kuiweka mbele kabisa ya paa ambako hakuna kivuli cha keria. Kuna tatizo?

Nyutoni_Mstaafu

Kwa paa la bawaba nyuma, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Tupige hesabu kidogo.

Tuseme paa lina kilo 60, uzito umeenea sawasawa. Bawaba inabeba nusu, na wewe ukinyanyua ile ncha ya mbele unahisi kilo 30. Paneli ya kilo 10 ukiiweka kwenye ncha, unaihisi yote: sasa ni 40, theluthi moja zaidi. Ukiisogeza hadi robo ya urefu wa paa kutoka kwenye bawaba, unahisi kilo 2 na nusu tu. Paneli ni ile ile.

Halafu shokapu za gesi, zile kama za mlango wa nyuma, kwa kawaida hufungwa karibu na bawaba, mkono wake ni mfupi. Kila kilo ya nchani inazifikia ikiwa imezidishwa mara kadhaa. Ndiyo maana mtu anaongeza paneli halafu analalamika paa linashuka lenyewe saa nane usiku.

Na gesi hunywea ikipoa. Nguvu iliyoandikwa kwenye shokapu hupimwa kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi 10 zikishuka unapoteza takribani asilimia 3.4, kwa hiyo kwenye nyuzi sifuri umeshapoteza karibu asilimia 7. Paa lililokaa vizuri mchana linaweza kulegea alfajiri. Chagua shokapu kwa uzito wa paa pamoja na vyote utakavyopachika, zibadilishe zote mbili kwa pamoja, na usichague zenye nguvu kupita kiasi, utaning'inia kwenye mkanda ukijaribu kulifunga.

JuuKwaJuu

Hiyo ya kuning'inia nimeiona kwa macho. Jirani alifunga kubwa mno, mke wake hawezi kufunga paa bila kumwita.

Sindano_na_Uzi

Nashona mahema, kwa hiyo nitasema la turubai, maana watu wanabishana kuhusu bawaba mwaka mzima halafu turubai wanachukua lolote lililokuja na paa.

Kuna la pamba au pamba iliyochanganywa na poliesta. Linapumua, na likilowa nyuzi zake huvimba zikaziba. Ni zito, hukauka polepole, na ukilifunga bichi siku mbili tatu linaota ukungu. Kuna la poliesta lililopakwa kemikali ya kuzuia maji. Hilo ni jepesi, hukauka haraka, lakini halipumui. Watu wawili wakilala wanatoa mvuke wa nusu lita hadi lita nzima ya maji usiku mmoja, na ninyi mko wanne. Kwenye turubai lisilopumua maji hayo utayakuta asubuhi yanatiririka hadi kwenye godoro.

Kwa familia ningesema la mchanganyiko, lenye dirisha la wavu wa mbu mbele na pembeni, na zipu zenye meno makubwa. Acha dirisha moja wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Na chini ya godoro weka matandiko yenye hewa, plaiwudi tupu inalowa upande wa chini bila wewe kujua.

Kuhusu baridi aliyoisema Mwenye_Bati, kuna mfuniko wa nje wenye sufi unaovishwa paa likiwa wazi. Unasaidia sana, ila kuuvisha peke yako kwenye upepo ni vita.

Kobe_na_Nyumba

Nashukuru sana. Hivi la ubavuni hakuna mwenye nalo?

FundiMbavu

Hayo nimeyaona kwenye magari ya zamani tu. Wenye jina kubwa walikuwa Dormobile, Waingereza, miaka ya 1950 na 60: paa linafunguka ubavuni, turubai la mistari, na machela mbili nyembamba huku na huku. Ni mazuri kwa picha. Kulala watu wawili wazima kwenye machela zile sikushauri, na upande mmoja wa gari unabaki bila kimo kuanzia mbele hadi nyuma. Tuliache.

Twende kwenye kukata, maana hapo ndipo magari yanapoharibiwa. Mbavu za paa zinazopita kushoto kwenda kulia si pambo. Ukizikata umeondoa kitu kinachoshikilia bodi isijisokote, na ile fremu ya chuma inayokuja na paa ndiyo inachukua nafasi yake. Mtu akikuambia fremu si lazima, chukua ufunguo wako uondoke. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, limesimama kwa magurudumu yake, milango yote imefungwa. Ukikata likiwa limepinda kidogo na ukagandisha fremu hivyo hivyo, mlango wa kuteleza hautafunga tena vizuri.

Usikate kwa grinda. Cheche zinazama kwenye rangi na kwenye vioo, na baada ya mvua ya kwanza gari zima lina vidoa vya kutu. Tumia msumeno wa blade ndogo, funika kila kitu, kusanya vumbi la chuma lote. Ukingo uliokatwa upige praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Gundi iwe ya poliyurethani ya bodi za magari, silikoni usiiguse. Gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, milimita chache kwa siku, kwa hiyo kukuta juu pamekauka si ruhusa ya kuendesha. Na kabla ya kutoboa popote pembeni mwa paa hakikisha kama gari lina mifuko ya hewa ya pazia. Hukaa hapo hapo juu ya milango.

Mwenye_Bati

Baada ya kusoma hayo yote bado mnataka lifunguke.

Mama_Pacha

Mzee, njoo siku moja ulale juu dirisha likiwa wazi halafu tuongee.

Kobe_na_Nyumba

Basi nimeamua. Bawaba nyuma, la kusukuma kwa mkono, fremu kamili, turubai la mchanganyiko, paneli inarudi nyuma karibu na bawaba. Swichi ya komeo naiga kwa dada Mama_Pacha bila aibu. Lile la lifti nimeliaga.

Kimoja kinanisumbua bado. Paa lenyewe likifungwa linaongeza sentimita 6, na paneli na vishikio vyake sentimita 4 nyingine. 1.98 na 0.10 ni 2.08. Nguzo ni 2.10. Napita?

FundiMbavu

Hiyo 1.98 uliipima gari likiwa na mizigo au tupu?

Kobe_na_Nyumba

Nilipima likiwa na mbao zote ndani, na mifuko mitatu ya zana.

FundiMbavu

Toa vyote, jaza upepo matairi, pima tena. Gari tupu linasimama juu zaidi. Halafu uende ukapime na hiyo nguzo kwa futi yako mwenyewe, usiamini kibao.