Kituo cha polisi kimefika lenta, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) anasema askari hana. Tumalizie au tuache?

Mzigo_Wangu: Habari wakuu. Mtaani kwetu, huku pembeni ya Chanika, nyumba 140 zinachanga 3,000 kwa mwezi, tunalipa vijana 6 wa ulinzi shirikishi elfu 60 kila mmoja. Miezi 9 iliyopita tukaanza na ujenzi wa kituo kidogo, sasa kipo lenta. Tumeenda kwa OCD anatuambia jengo zuri hongereni, ila ikama yake, yaani idadi ya askari aliopangiwa, haitoshi, hata gari likipata mafuta leo kesho halina. Mimi ndo mweka hazina, nina 2.4m mkononi. Nipige bati au pesa ibaki kwa vijana? Silali.

Bibi Nyuki: Pole baba. Sali kwanza.

kahama_1983: Nyie watoto wa mjini bwana. Kwetu sungusungu ilianza hivyo hivyo miaka ya 80, mwano (yowe la hatari) ukipigwa usiku kijiji kizima kinatoka, mwizi wa ng'ombe anafuatwa kwa nyayo mpaka mkoa wa pili. Mzee wangu alikosa kutoka siku moja tu akapigwa faini ya mbuzi, nami nilikuwa nampenda sana yule mbuzi.

Afande Mstaafu: Askari analipwa na serikali kuu kupitia Mambo ya Ndani, si mtaa wala halmashauri. Tofali mtafyatua, ikama hamuifyatui. Na askari wawili peke yao usiku ni hatari, kituo cha polisi Stakishari, hapo Dar, kilikuwa kikubwa na bado 2015 kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikabebwa. Omba kwanza barua ya kupangiwa askari. Kiwanja cha nani?

Mzigo_Wangu: Kiwanja kipo tu mkuu, hilo halina shida.

Afande Mstaafu: Nimeuliza cha nani.

Mzigo_Wangu: Ni changu, mtaa ulinunua kwangu kwa bei ya kawaida. Na ndiyo, kibanda changu cha uwakala kipo ukuta kwa ukuta, lakini nilishavunjiwa mara mbili, sasa nani anajua uchungu wa ulinzi kunizidi?

Dogo wa Gongo: 😂😂 Umejijengea mlinzi kwa michango ya majirani

Hesabu Kali: Chai hii. 140 mara 3,000 ni 420,000. Toa 360,000 ya vijana, inabaki elfu 60. Mara miezi 9 ni 540,000. Humo umenunua kiwanja, tofali, nondo, saruji, halafu mkononi una 2.4m? Hata sukari haijawekwa.

Bibi Nyuki: Eeh, mi nilishaanza kulia.

Mzigo_Wangu: Sio chai jamani. Kuna mwenye grosari alitoa 5m, hataki atajwe, sharti lake kituo kiwe na mtu kabla ya Desemba. Mkutano wa mtaa haujui, ningewaambiaje mkaelewa? Ndo maana nilitaka tu mnishauri kuhusu bati.

Afande Mstaafu: Kumbe. Na huyo mwenye grosari usiku anafunga saa ngapi?

Mzigo_Wangu: Hafungi.

Dogo wa Gongo: 😂😂😂

Hesabu Kali: Itisha mkutano, weka daftari mezani. Usinunue kitu.

Mzigo_Wangu: Bati zilishuka jana. Fundi yupo juu saa hizi.

kahama_1983: Geji ngapi? Kama ni 32 upepo wa huko utazichukua zote.