Riwaya ya mapenzi ya wanafunzi wawili wa kidato cha sita wenye majeraha ya moyo: imalizikeje?

Mwandishi wa Kihonda aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika riwaya ya vijana ambayo imefika sura ya kumi na nane (mswada nimeuambatisha), na hapo nimekwama. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijaharibu yale niliyokwisha kuyaandika.

Wahusika wangu wakuu ni wawili, wote wana miaka 19, nao wako kidato cha sita katika shule ya bweni ya mchanganyiko mkoani Dodoma, wakijiandaa kwa mtihani wa taifa wa Mei 2024. Masatu ni kijana wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, anasoma tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), haongei mpaka aulizwe, na hata akiulizwa hujibu kwa sentensi moja. Mama yake alifariki katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, muda mfupi tu baada ya yeye kumaliza mtihani wa darasa la saba; nimeandika kwamba habari alizipata kwa redio, na tangu hapo hawezi kulitazama ziwa. Salma anatoka Morogoro mjini, anasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ndiye mwenyekiti wa klabu ya midahalo, na sauti yake hutangulia kufika bwaloni kabla yake mwenyewe. Wazazi wake walipoachana, naye akiwa na miaka 12, hakimu alimwita faragha akamuuliza angependa kukaa na nani. Akasema baba. Mama yake, aliyekuwa akisubiri nje, alipoambiwa jibu hilo hakulia wala hakugomba, ila tangu siku ile akimpigia simu humwita "mtoto wa baba yako".

Wanakutana kwenye mdahalo: Masatu anaandika hoja, Salma anazisema. Baadaye wanaanza kuandikiana kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku la Historia, ambalo hupitishwa kutoka dawati hadi dawati wakati wa prepo, yaani muda wa kujisomea, kwa sababu simu haziruhusiwi shuleni. Mpaka hapo sina tatizo. Tatizo ni sura ya kumi na nane, ambamo Masatu anamweleza Salma habari zote za mama yake, analia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kesho yake anaamka mtu mpya, anaimba kwenye mchakamchaka. Rafiki yangu aliyesoma mswada ameniambia kwamba hapo haniamini. Mwisho mwingine niliokuwa nimeufikiria ni mzito zaidi, kwamba Masatu anarudi nyumbani baada ya mtihani na kujitoa uhai ziwani. Je, nichukue upi kati ya hiyo miwili, au upo wa tatu? Na je, ni haki kutumia ajali ya kweli ambayo familia zake bado zinaomboleza?

Mwalimu wa Malezi alijibu:

Mwandishi, hongera kwa kazi. Mimi nimekuwa mwalimu wa malezi na unasihi katika shule za bweni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema kuhusu mazingira, halafu kuhusu ule mwisho wa pili.

Kwanza, usiwaandike walimu wote kama polisi. Ni kweli kwamba uhusiano wa kimapenzi kati ya wanafunzi ni kosa la kinidhamu, na mwalimu wa zamu akiliona hilo kaunta buku atalipeleka kwa mwalimu wa nidhamu. Hata hivyo, katika kila shule yuko angalau mtu mzima mmoja, mara nyingi matroni, anayejua kila kitu na ambaye huamua nini akione na nini asikione. Mhusika wa namna hiyo atakusaidia zaidi kuliko mwalimu mkuu mwenye fimbo, kwa maana naye ana jambo la kupoteza.

Pili, jizuie na kishawishi cha kuingiza mimba ili kuongeza mvuto. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na sheria haiulizi kama msichana ana miaka 19. Msichana, kwa upande wake, tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ukiingiza jambo hilo, riwaya yako itakuwa riwaya ya mahakama na majeraha ya watoto hawa hayatapata tena nafasi. Huo ni mkasa mwingine, na unastahili kitabu chake.

Kuhusu Masatu kujitoa uhai, ninakuomba sana uuache. Sisemi kwamba jambo hilo halitokei au kwamba lisiandikwe kamwe. Ninasema kwamba katika mswada wako linakuja kama njia ya kumaliza hadithi, na kijana aliyeketi bwenini akisoma ataelewa kwamba huzuni ya namna ile haina mlango mwingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa waandishi wa habari na watengenezaji filamu inasisitiza kwamba njia isielezwe na kifo kisionyeshwe kama suluhisho. Kumbuka pia kwamba Kanuni ya Adhabu yetu, katika kifungo cha 217, bado inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wanafunzi wakae kimya badala ya kuja ofisini kwangu. Ukitaka kuandika juu ya giza hilo, andika namna Masatu anavyonyamaza mbele ya mtu anayetaka kumsaidia, na uandike pia yule mtu asiyechoka kuuliza.

Mkara wa Bwisya alijibu:

Mwandishi, na wewe Mwalimu, shikamooni. Mimi ni mtu wa Ukara na katika ajali ile nilipoteza ndugu wa ukoo, hivyo swali la pili nalijibu kwa niaba yangu tu. Andika. Kinachotuumiza sisi ni kuandikwa ovyo.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, ng'ambo kwenye kisiwa cha Ukerewe, na watu walikuwa wakirudi Ukara na mizigo yao. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na waliokufa walizidi 220. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, kwetu Ukara, watu wa nchi kavu wakikitazama, na waliowahi kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kama Masatu alikuwa nyumbani siku hiyo, basi yumkini alikuwa ufukweni akimsubiri mama yake, na huhitaji kumbunia jeraha lingine lolote. Umetuambia kwamba alipata habari kwa njia ya redio. Hapana, mtoto wa Bwisya hakuhitaji redio.

Jambo la pili ni hofu yake ya maji. Umeandika kwamba hawezi kulitazama ziwa. Ukara ni kisiwa, na hakuna daraja. Kijana anayesoma Dodoma hupanda kivuko kila likizo, akienda na akirudi, kisha anavuka tena kati ya Ukerewe na bara. Watu wetu walirudi kupanda chombo kwa sababu chumvi, dawa na shule viko upande wa pili. Kwa hiyo hofu yake haiwezi kuwa ya kukimbia maji. Mimi namfahamu mtu ambaye tangu mwaka ule, kila apandapo chombo chochote, husimama karibu na mlango na kuhesabu watu wanaoingia, midomo ikicheza bila sauti, na idadi ikipita ile iliyoandikwa ubavuni hushuka, hata kama ameshalipa nauli. Mpe Masatu tabia kama hiyo. Aingie bwaloni ahesabu, aingie kwenye basi la mahafali ahesabu. Salma ataiona kabla hajaambiwa sababu yake.

Msomaji wa Nakuru alijibu:

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimesoma majibu yote na sipingi, ila naomba msiwanyang'anye watoto hawa furaha yote kwa jina la uhalisia. Hadithi nyingi za vijana wetu huwaadhibu wapendanao: mmoja hufukuzwa shule, mwingine huugua, na mzazi hutokea mwishoni kusema "nilikwambia". Mwandishi ana haki ya kuwaacha wawili wacheke kurasa kadhaa bila kulipia. Huyo Masatu anayejibu kwa sentensi moja anaweza kuwa mcheshi sana akiandika, na huko nyuma ya kaunta buku ndiko mapenzi yaliko. Tuonyeshe hizo kurasa zaidi, tupunguziwe machozi.

Mhariri Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na Mkara kabisa, na Msomaji wa Nakuru kwa sehemu kubwa. Nitaongeza moja tu, kuhusu Salma, kwa sababu naona wote tumemkimbilia Masatu. Jeraha la msiba lina siku, lina kaburi, na watu huja kulitolea pole. Jeraha la Salma halina mtu wa kulitolea pole, kwa kuwa baba alishinda kesi na mama anajiona yeye ndiye aliyeachwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto mwenye umri wa kuweza kuyaeleza, na nia yake ni njema. Lakini mtoto aliyeulizwa mara moja akajibu kwa ukweli, na ukweli huo ukamkosesha mama, hatajibu tena swali la "unataka nini" kwa maisha yake yote.

Sasa tazama ulichokwisha kuandika bila kukitumia. Salma ni bingwa wa midahalo. Katika mdahalo upande hupangiwa: leo unatetea hoja, kesho unaipinga, na hakuna anayekuuliza wewe mwenyewe unaamini nini. Ndiyo sababu anapapenda mahali pale. Kelele yote hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi tena kuchagua. Nenda katazame sura ya saba, pale rafiki zake wanapomuuliza kama anampenda Masatu, naye anatoa hoja tatu za kukubali na tatu za kukataa, darasa zima linacheka. Wewe umeiandika kama kichekesho. Iache iwe kichekesho, lakini Masatu asicheke.

Kwa hiyo sura ya kumi na nane isiwe ungamo la Masatu. Watu waliojeruhiwa hawasimuliani kwa mpangilio, kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku mwenzake akisikiliza kwa utulivu. Amwambie kidogo, tena kwa njia ya pembeni, labda idadi tu ya watu waliokuwa ndani ya kivuko, halafu arudie kuandika hoja za mdahalo. Salma ambaye siku zote ana la kusema akose la kusema. Kesho yake Masatu aamke yuleyule, ahesabu watu bwaloni kama kawaida, ila safari hii Salma akae karibu naye na amtajie jumla kabla hajamaliza. Hapo hakuna aliyepona, na msomaji ataona mapenzi bila kuambiwa.

Mwisho wa riwaya unao tayari kwenye kalenda. Baada ya mtihani wa Mei huja wito wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ambako kambi hupangiwa, kisha matokeo, kisha maombi ya vyuo ambayo mtu hujaza mwenyewe. Wapangiwe kambi mbili za mbali, tuseme Bulombora na Mafinga. Hilo halimuumizi Salma hata kidogo, maana amezoea kupangiwa. Litakalomshinda ni fomu ya chuo, na hapo ndipo Masatu, anayetamani kuliko kitu chochote wawe mji mmoja, anapaswa kunyamaza asimwombe.

Mwandishi wa Kihonda aliandika:

Nawashukuru wote. Kifo nimekiondoa, na redio nimeiondoa. Wazo la Salma na mdahalo limenifanya nifungue upya sura saba za mwanzo. Ombi langu la mwisho ni kwa Mkara: nataka Salma afike Ukara mara moja kabla ya matokeo, apande kivuko pamoja na Masatu. Je, inawezekana bila kijiji kizima kusimama?

Mkara wa Bwisya alijibu:

Kijiji kitasimama. Msichana mgeni akishuka gatini na kijana wetu, kabla hawajafika nyumbani mjomba atakuwa ameshaulizwa mahari ni ng'ombe wangapi. Mfanye awe amekuja kumtembelea mwanafunzi mwenzake wa kike anayeishi Nansio, mjini Ukerewe, jambo ambalo ni la kawaida wakati wa likizo, kisha huyo rafiki amsindikize hadi Bugolora siku ya gulio, ambapo wageni ni wengi na hakuna anayemwangalia mtu. Avuke na Masatu na rafiki huyo asubuhi na kurudi mchana uleule, bila kulala kisiwani. Makaburi ya pamoja yako Bwisya, si mbali na gati, kwa hiyo muda utawatosha. Sura hiyo ukishaiandika nitumie kwa ujumbe wa faragha, nikuangalizie majina ya mahali na namna watu wanavyopanga foleni ya kukata tiketi.